Dirisha la Mama Yupo

Katika idara ile hapakuwa na mtu mwenye cheo kidogo na sauti kubwa kama katibu muhtasi. Na sauti yenyewe, ukiichunguza, ilikuwa neno moja tu: yupo. Ndiyo maana wahadhiri, wafagizi, madereva, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajajua vyoo viko upande gani, walimwita Mama Yupo. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Ukimpigia simu ukasema, "Mama Yupo, habari za kazi," anaitika bila kusita, kana kwamba ndilo alilopewa na wazazi wake.

Utasema, neno moja lina nini? Subiri nikueleze. Chumba chake kilikuwa mwanzo wa korido, mkabala na mlango mkubwa wa jengo, na kilikuwa na dirisha dogo la kioo cha kusukuma. Kila anayeingia na kutoka alipita hapo. Asubuhi baada ya chai, na tena baada ya chakula cha mchana, mkuu wa idara alishuka ngazi kutoka ofisini kwake juu, akasimama dirishani mikono nyuma, macho kayaelekeza kwenye maua ya nje, akauliza kama mtu anayejisemea: "Fulani yupo?" Mama Yupo, bila kuinua uso kwenye kompyuta, alijibu, "Yupo, mkuu. Ametoka kidogo." Mkuu akaitikia kwa kichwa, akapanda zake ngazi.

Hapo ndipo watu walipopimwa utendaji wao. Fomu za tathmini zilikuwepo, tena ndefu, za rangi mbilimbili, na kila mwaka watu walizijaza wakijipa alama za juu kama wanaojigawia nyama. Nani alizisoma? Kilichobaki kichwani mwa mkuu ni kile alichokisikia dirishani. Hakuna kanuni iliyosema hivyo, hakuna semina ya watumishi wapya iliyogusa jambo hilo. Mtu alitakiwa kujua tu.

Na waliojua walikuwa na koti. Hili nalo hukulipata popote kwenye maandishi. Unafika asubuhi, unapita dirishani, unamsalimu Mama Yupo, unamuuliza mguu wake unaovimba unaendeleaje, kisha unakwenda ofisini kwako unatundika koti kwenye mgongo wa kiti na kuacha mlango wazi. Baada ya hapo, nenda utakako. Koti linatosha. Anayepita koridoni anaona koti, anajua mwenyewe hayuko mbali, na Mama Yupo akisema yupo hajawa mwongo sana.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa mhadhiri mmoja mnene, mcheshi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Walimwita Bwana Koti. Koti lake la kijivu lilikuwa limekaa kitini muda mrefu mpaka likaota mabega. Alipopandishwa cheo, watani wake walisema waziwazi kwamba aliyestahili pongezi ni koti, maana ndilo lililokuwa likiripoti kazini kila siku. Bwana Koti alicheka kuliko wote. Na alikuwa mtu wa watu, usimwonee: alipita dirishani hata akiwa na haraka ya kwenda dukani, akaacha neno la kuchekesha, na kitinda mimba wa Mama Yupo alipokosa nafasi ya masomo, ni yeye aliyehangaika naye ofisi kwa ofisi mpaka akapata. Mama Yupo angemwambiaje mkuu kwamba mtu kama huyo hayupo? Ulimi wenyewe ungekataa.

Sasa akaja binti wa udongo. Alikuwa mhadhiri mpya, kijana, mwembamba, amekuja kufundisha somo la udongo, yupo kwenye kipindi cha majaribio kama waajiriwa wote wapya. Mwisho wa kipindi hicho kikao kingekaa kumjadili: ama athibitishwe kazini, ama afunge virago. Siku ya kwanza alipita dirishani, akaamkia vizuri kwa adabu zake zote, Mama Yupo akasema moyoni, huyu kalelewa. Siku ya pili hakupita. Ya tatu pia. Kumbe maabara ya udongo ilikuwa nyuma ya jengo, banda refu la mabati, na mlango wa nyuma ndio uliokuwa karibu nayo. Binti aliingilia huko, akatokea huko.

Koti alikuwa nalo, jeupe, la maabara. Lakini alikuwa analivaa! Katika idara nzima, koti lake peke yake ndilo lililokuwa na mtu ndani yake. Kitini hapakuwa na kitu, na mlango wa ofisi yake ulikuwa umefungwa, maana mwenyewe yuko bandani, mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko, wanafunzi wamemzunguka.

Mama Yupo alianza kununa polepole. Alizoea kupitiwa. Mtu mzima, mguu umevimba, umekaa pale miaka yote unawafunika watu mashuka, halafu binti wa juzi hata kukupungia mkono hakupungii? Bado angeweza kumeza, lakini siku moja wanafunzi wawili walipita chini ya dirisha wakizungumza, na mmoja akamwambia mwenzake, "Mwalimu amesema tusipoteze muda dirishani. Tukimtaka, twende moja kwa moja kwake."

Loo! Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Tusipoteze muda dirishani. Kwa hiyo dirisha lake ni la kupotezea muda. Kwa hiyo yeye pale ni pambo. Alibaki ameshika kalamu, uso umemwiva, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Mchana ule ule mkuu akashuka. "Yule binti wetu wa udongo yupo?"

Mama Yupo aliinua uso. Hilo lenyewe lilikuwa jipya. Akamtazama mkuu, akasema, "Hayupo, mkuu."

"Hayupo?"

"Ofisini kwake pamefungwa."

Mkuu akaguna, akapanda ngazi. Na nisikufiche: Mama Yupo alijisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Tena hakudanganya! Ofisi ilikuwa imefungwa kweli, binti hakuwemo kweli, nani angemnyooshea kidole? Alikula chapati yake kwa raha zake.

Tangu siku hiyo jibu likawa hilo. Mkuu akiuliza asubuhi, hayupo. Akiuliza mchana, hayupo. Baadaye mkuu hata hakuuliza kwa sauti; alinyanyua nyusi kuelekea ile ofisi iliyofungwa, na Mama Yupo akatikisa kichwa.

Siku moja alikwenda stoo kuchukua karatasi. Stoo ilikuwa upande wa nyuma na ilikuwa na dirisha la nondo linalotazama banda la mabati. Alisikia kicheko, akachungulia. Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya sinia la udongo, akimshika mkono mwanafunzi mmoja aonje kwa vidole namna udongo mzuri unavyoshikana. Yule mwanafunzi Mama Yupo alimfahamu. Alikuwa akija dirishani kila muhula kuomba barua ya kuahirisha masomo, macho mekundu, anasema ameshindwa. Sasa alikuwa anacheka na udongo puani.

Roho ikamsuta. Ilimsuta sana, mpaka akasahau karatasi alizofuata. Alirudi mezani akajiambia kesho nitasema yuko maabara. Ni maneno mawili tu. Kesho yake mkuu akashuka, akanyanyua nyusi, na Mama Yupo akaona aibu. Atageukaje ghafla? Si mkuu atauliza, mbona siku zote ulisema hayupo? Akajiona yeye ndiye atakayeonekana mwongo. Kwa hiyo akatikisa kichwa tena, na safari hii hapakuwa na raha yoyote ndani yake. Chapati aliirudisha kwenye mfuko.

Siku ya kikao ikafika. Walikaa chumba cha juu, meza ndefu, mapazia yaliyofifia, feni inayolalamika. Mkuu alikaa mwisho wa meza, wajumbe wakajipanga, Bwana Koti akiwa mmoja wao, kwa mara ya kwanza wiki ile amelivaa koti. Mama Yupo alikaa kwenye kiti chake cha pembeni cha kuandikia muhtasari. Na jambo jingine ambalo halikuandikwa popote ni hili: anayeandika muhtasari hasemi. Anasikia, anaandika, anagawa maji ya kunywa.

Walianza kwa sifa. Wanafunzi wanampenda. Somo lililokuwa likiangusha watu sasa wanafaulu. Mkuu akageuza karatasi, akakohoa. "Sina neno na ufundishaji wake," alisema. "Lakini kazi si kufundisha tu. Kuna kuwepo. Mimi nashuka chini kila siku kuangalia watu wangu, na kila nikimuulizia huyu, hayupo."

"Hata mimi," alidakia Bwana Koti kwa masikitiko ya kweli, "simwoni kabisa koridoni."

Hebu fikiria! Yeye aonekanaye idarani kama mwezi mwandamo! Mama Yupo alihisi kicheko na kilio vinapanda kwa pamoja, akavimeza vyote viwili.

"Au vipi, Mama?" Mkuu alimgeukia. "Wewe ndiye unayejua nani yupo."

Wote wakamtazama. Hajawahi kuulizwa kitu kwenye kikao tangu aajiriwe. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, wazi kabisa. Alitakiwa kusema tu, yuko maabara, mkuu, anashinda maabara kuanzia asubuhi, nimemwona kwa macho yangu. Akamtazama Bwana Koti, akawaza: nikifungua mdomo kuhusu nani yupo na nani hayupo, nitaufungia wapi? Akafikiri juu ya kitinda mimba wake. Akafikiri juu ya uso wake mwenyewe.

"Nilivyomwona ndivyo nilivyokuwa nikisema, mkuu," alijibu.

Mwoga! Ndiyo, nasema mwoga, na yeye mwenyewe alijiita hivyo kabla sauti haijaisha kinywani. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Wajumbe wakaguna. Uamuzi ukapita kwamba mwajiriwa hajaendana na mazingira ya kazi, asithibitishwe. Na ni mkono wake Mama Yupo ulioyaandika maneno hayo, kwa mwandiko wake mzuri ambao watu huusifu.

Nyumbani jioni, mumewe alikuwa mezani amefungua redio ya jirani, vipande vimetapakaa kwenye kitambaa cha meza. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa maneno machache na maswali mabaya. Mama Yupo alimsimulia yote huku akizungusha kijiko kwenye sahani.

"Lakini sikudanganya, baba watoto," alimalizia. "Hakuwemo ofisini. Neno la uongo sijasema hata moja."

"Vizuri," mumewe akasema, akipuliza vumbi kwenye redio.

"Wangeniuliza yuko wapi, ningewaambia. Waliuliza kama yupo."

"Sawasawa kabisa."

"Kwa hiyo sina kosa."

Mumewe aliweka bisibisi chini. "Kama huna kosa, mama watoto, mbona huli?"

Mama Yupo akasukuma sahani, akaenda kulala na nguo zake.

Asubuhi hakungoja mkuu ashuke. Alipanda ngazi yeye, mguu ukimuuma kila hatua, akagonga, akaingia, akabaki amesimama. "Mkuu, nimekuja kurudisha neno langu," alisema. "Yule binti alikuwepo. Siku zote alikuwepo. Alikuwa maabara na wanafunzi, na mimi nilijua."

Mkuu alivua miwani, akamtazama kwa upole ambao Mama Yupo hakuutegemea. "Kaa, Mama."

"Sikai. Nilikuwa na kinyongo naye, mkuu. Hakuwa akipita dirishani. Wala Bwana Koti hayupo, lililopo ni koti. Na wengine pia."

"Unadhani sijui?" Mkuu akatabasamu kwa uchovu. "Mama, mimi nimekuwa mhadhiri hapa kabla sijawa mkuu. Koti langu mimi lilikuwa la kahawia, na wewe ndiye uliyekuwa unalilinda."

Mama Yupo akashika mgongo wa kiti.

"Najua kwamba ukisema yupo, pengine hayupo," mkuu aliendelea. "Hilo halinisumbui. Najua tu kwamba huyo mtu ni mwenzetu, kwamba anaishi vizuri na watu, kwamba kuna anayemjali. Lakini huyu ulisema hayupo. Wewe! Tangu nikufahamu hujawahi kusema hivyo juu ya mtu yeyote, hata mlevi. Nikajiambia, ikiwa Mama, kwa moyo wake ule, ameshindwa kumfunika binti huyu hata siku moja, basi kuna kitu kibaya ambacho mimi sikijui."

"Hakuna kitu, mkuu! Hakuna! Lirudishe neno langu."

"Nilitoe wapi nilirudishe?" Aliligusa faili lililokuwa mezani. "Humu ndani ana alama nzuri. Humu hakuna yupo wala hayupo. Kitu ambacho hakikuandikwa, nitakifutaje? Niwaambie wajumbe nini, kwamba tulimwondoa mtu kwa sababu katibu wetu alitikisa kichwa?" Alivaa miwani. "Na barua yake imeshatoka, Mama. Nenda ukapumzishe mguu."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Ulikuwa ni ule ukuta wa siku zote wa rangi ya maziwa, lakini alihisi kama anapita jengo la watu wengine. Alikuwa amejiona mtu mdogo asiyeweza kuzuia lolote kwenye kikao. Kumbe ni yeye tu aliyekuwa amepima, na wale wengine walikuwa wanasoma mizani yake.

Kabla ya adhuhuri, kioo cha dirisha kikagongwa. Alikuwa binti wa udongo, amepitia mlango mkubwa, hana lile koti jeupe, amebeba boksi kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeleta ufunguo wa maabara. Wameniambia nikuachie wewe." Aliupenyeza chini ya kioo. Macho yake yalikuwa yamelia lakini yalikuwa yamekauka. "Mguu unaendeleaje?"

"Mguu?"

"Si huo unaovimba. Niliuona siku ile ya kwanza. Kila mwanafunzi akija dirishani kuulizia mwalimu, unainuka mpaka koridoni kwenda kutazama. Nikawaambia wanafunzi wangu wasikusumbue, waje moja kwa moja kwangu. Sijui kama walisikia, vijana hawa."

Mama Yupo alishika ukingo wa meza. Alitamani ardhi ipasuke. "Mwanangu," alisema, "sikiliza. Mimi ndiye niliyekuharibia. Mkuu alikuwa akiniuliza kila siku kama upo, nikawa namwambia hayupo."

Binti alimtazama, akakunja uso kidogo kama anayejaribu kuelewa hesabu. "Lakini si kweli sikuwepo ofisini? Nilikuwa maabara."

"Ndiyo, lakini..."

"Sasa ungesema nini, mama?"

Angeanzia wapi? Na koti? Na mlango wazi? Na kwamba hapa hayupo maana yake si hayupo? Hayo ndiyo aliyotakiwa kumwambia siku ile ya kwanza, kwa dakika chache tu, kama alivyowaambia wengine wote: mwanangu, pitia huku, tundika kitu chochote kitini. Alikuwa nayo mdomoni, akamnyima.

"Ulisema kweli tu," binti akamwambia, na akaingiza mkono dirishani akamshika bega, akimfariji. Yeye, aliyefukuzwa, anamfariji! "Usijitese. Labda mimi ndiye sikujua kuishi na watu." Akainua boksi lake, akatoka kwa mlango mkubwa, na Mama Yupo akamfuata kwa macho mpaka maua ya nje yakamficha.

Kazi ziliendelea. Simu ililia, akapokea. Bwana Koti akapita, akatundika koti, akatupa mzaha wake dirishani, akaondoka. Mama Yupo hakucheka, na Bwana Koti hakugundua. Ufunguo ulikuwa bado pale pale mezani, una utepe mwekundu na udongo mkavu kwenye meno yake. Hakuweza kuutundika ubaoni pamoja na funguo nyingine.

Mchana kioo kikagongwa tena. Alikuwa yule mwanafunzi wa barua za kuahirisha masomo, ameshika kopo la udongo kwa mikono miwili, anahema.

"Samahani, mama, najua tumeambiwa tusikusumbue. Mwalimu wa udongo yupo?"

"Yupo!" Lilimtoka lenyewe, kwa nguvu, na akainuka kabisa kitini, mguu na yote. "Yupo, mwanangu. Yuko maabara. Nenda maabara utamkuta."

Kijana alisimama pale pale, akatazama kopo lake, kisha akamtazama yeye.

"Nimetoka huko, mama," alisema. "Kumefungwa."